Ukishafunga gari kwa rimoti, vuta kitasa

Jamani, ukibonyeza rimoti usiondoke papo hapo. Subiri taa zimulike, usikie milango ikijifunga, kisha vuta kitasa kwa mkono wako. Wapo wezi wanaokaa jirani na kifaa cha kuvuruga mawimbi ya rimoti. Wewe unabonyeza huku unatembea, gari linabaki wazi.

Na kama gari lako linawaka bila kuchomeka ufunguo, usiku usiuache ufunguo huo karibu na mlango wa nyumba. Mawimbi yake yanaweza kunaswa kutoka nje na kufikishwa hadi kwenye gari, likawaka. Uweke ndani ya kopo la chuma lenye mfuniko. Lijaribu kwanza: simama nalo kando ya gari, mlango ukifunguka, kopo hilo halifai. Kufuli ya usukani nayo ongeza.