Kabla ya kukisukuma kitanda kwenda kwenye upasuaji

Wauguzi wenzangu wa Unguja na Pemba, mgonjwa anayekwenda kupasuliwa akikwambieni "siogopi", itazameni mikono yake. Bibi mmoja aliyetoka shamba alikuwa akilikunja na kulikunjua pindo la kanga mpaka likalowa jasho. Nikavuta kiti, nikakaa macho yetu yakalingana. "Bibi, kipi hasa kinachokutia hofu?" Kumbe si kisu. Alihofia kukaa kichwa wazi mbele ya wanaume. Nikamvisha kofia ya upasuaji, nikamwahidi shuka halitoondolewa ila panapohitajika. Akashusha pumzi.

Basi ulizeni kwanza, msikimbilie "usijali". Halafu mwambieni atakayoyakuta: baridi, taa kali, na akichomwa ganzi ya mgongoni miguu itakuwa mizito, atahisi kuguswa na kuvutwa, ila si maumivu makali. Hili lisemwe mapema, maana asiyeambiwa hudhani ganzi haikushika, akapaparika mezani.

Mwenye piko kwenye kucha, mwarifuni mtu wa nusukaputi, kwani kile kifaa cha kidoleni huweza kushindwa kusoma oksijeni vizuri. Na akitaka kusoma dua yake, msubirini. Ni dakika mbili tu.