Friji ya Gesi Ndani ya Gari: Anza na Mgongo Wake

Mteja akija karakana kwangu Changamwe, Mombasa, na friji ya gesi ya kufunga kwenye gari lake la kulala safarini, mara nyingi amekwisha kupima mlango wake na kuchagua rangi ya kabati. Mimi humwomba aigeuze. Mgongoni kuna kichomeo kidogo chini, bomba la moshi linalopanda, na mabomba meusi yenye mapezi, vile vibati vyembamba vya kutoa joto. Kompresa haina. Moto huchemsha maji yenye amonia, mvuke wa amonia hupanda, hupoa kwenye mapezi ya juu na kuwa kioevu, halafu hukutana na haidrojeni na kugeuka mvuke tena, na hapo ndipo hufyonza joto la chakula chako. Vijana wawili wa Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, waliibuni mwaka 1922 wakiwa bado wanafunzi. Kinachosukuma mzunguko wote ni joto, na joto hilo lisipopata pa kutokea, friji haipoi hata ukiufungulia moto mpaka mwisho.

Kwetu pwani jambo hili lina uzito. Soma kibati kilicho ndani ya friji: herufi N maana yake imetengenezwa kwa joto lisilozidi nyuzi 32, T ni mpaka nyuzi 43. Wakati wa kaskazi, gari lililoegeshwa juani hupita 32 kabla ya adhuhuri. Nunua T. Friji hizi huweza pia kupashwa moto kwa umeme badala ya gesi, kwa hiyo kama yako imetoka Marekani, tazama umeme wake pia. Ya huko hutumia volti 120, na ukiichomeka kwenye 240 zetu, waya wa kupasha moto unaungua papo hapo.

Sasa matundu. Kata mawili kwenye ubavu wa gari, nyuma ya friji: moja chini, moja juu ya mapezi ya mwisho. Hewa baridi iingie chini, ya moto itoke juu, kama bomba la moshi la jikoni. Sishuki chini ya sentimita 15 kwa 20 za uwazi kwa kila tundu, bila kuhesabu vipande vya wavu. Ukingo wa tundu la chini lazima ulingane na sakafu ya kabati la friji. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni kama maji. Nimewahi kuona tundu lililoinuliwa kiganja kizima ili lipendeze, na chini yake pakabaki beseni la kukusanyia gesi, hatua mbili kutoka kitandani.

Nyuma ya mapezi acha sentimita mbili na nusu tu. Pengo likiwa kubwa, hewa hupita mbali na mapezi bila kuyagusa, kwa hiyo funga bati la aluminiamu liisukume hewa kwenye mapezi. Feni ndogo ya volti 12 kwenye tundu la juu inasaidia sana mwezi wa Machi.

Halafu ziba kila upenyo kati ya mgongo wa friji na chumba cha kulala. Mama mmoja aliniletea Hiace yake baada ya safari ya Watamu. "Fundi, tunaamka na vichwa vinauma, watoto wanatapika." Nilitoa mtungi nje ya gari kabisa, nikawasha vijiti viwili vya udi na kuvishika kwenye tundu la chini. Kabla sijahesabu kumi, akaniita kutoka ndani: udi ulikuwa unanukia kwenye mito. Ubao wa nyuma ulikuwa na mpenyo wa kupitisha waya, upana wa kidole gumba, haukuzibwa. Moshi wa kichomeo ulikuwa unaingia humo usiku kucha, na kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi huo, haina harufu kama udi. Tangu siku hiyo sikabidhi gari bila jaribio la udi. Funga pia king'ora cha kaboni monoksidi karibu na kitanda, na king'ora cha gesi chini karibu na sakafu. Ni vitu viwili tofauti.

Mtungi ukae wima kwenye sanduku lake, lililozibwa upande wa ndani na lenye tundu sakafuni linalotoka nje. Regileta iwe ya shinikizo dogo, milibari 28 hadi 30 au kama kibati kinavyosema. Ile ya majiko makubwa ya hoteli usiiguse. Kama hujawahi kupanua mdomo wa bomba la shaba, sehemu hiyo mwachie fundi wa gesi, halafu simama ukague naye. Paka povu la sabuni kwenye kila kiungo, usitumie kiberiti kamwe. Kuna kiungo kimoja nilichokiamini nikaona kitone kikivimba kama jicho la samaki, kikapasuka, kikavimba tena. Nilikata bomba nikaanza upya.

Moto mzuri ni wa buluu. Ukiwa wa manjano, zima na usafishe: chumvi ya bahari hufanya kutu ianguke juu ya kichomeo, na nyigu hupenda kujenga kwenye kijibomba chake. Ukisikia harufu kali ya amonia na kuona madoa ya manjano mgongoni, zima kila kitu, toa watu nje, fungua milango. Chombo hicho hakirekebishwi barabarani.

Weka pimamaji ndani ya friji kila unapoegesha, uone kama gari limekaa sawa. Gari likilala upande kwa saa nyingi, kioevu hutuama, sehemu ya kuchemshia hupata moto kupita kiasi, na dawa ya kuzuia kutu iliyomo huganda na kuziba bomba. Likiziba, limekwisha.

Washa jioni kabla ya safari, weka kipimajoto kwenye glasi ya maji ndani, tazama asubuhi. Ukiwa barabarani tumia umeme wa gari na ufunge valvu ya mtungi, hasa kabla ya kuingia kituo cha mafuta na kabla ya kuingia kwenye feri ya Likoni. Ukifika Diani na kupata mahali tambarare, fungua, washa, kisha zunguka nyuma ya gari uweke kiganja kwenye tundu la juu. Baada ya muda kidogo utahisi hewa ya moto ikitoka.