Jinsi ya Kuusoma Mto wa Mlimani kwa Ramani: Mfano wa Naro Moru

Mlima Kenya, ambao kilele chake cha Batian kina kimo cha mita 5,199, ni volkano iliyozimika zamani, na mito yake huteremka pande zote kama spoki za gurudumu la baiskeli. Ile ya mashariki na kusini humwaga maji yake katika mto Tana, unaoelekea Bahari ya Hindi. Ile ya magharibi na kaskazini, ukiwemo Naro Moru, huingia Ewaso Ng'iro, ambao hupotelea katika kinamasi cha Lorian bila kuiona bahari.

Tafuta ramani ya skeli ya 1:50,000 (sentimita 1 kwenye ramani ni mita 500 ardhini) yenye kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja, uzi mwembamba, penseli na karatasi ya grafu. Anza juu, chini ya barafuto (mito ya barafu) za Lewis na Tyndall, kisha fuata mstari wa buluu kuingia bonde la Teleki. Palipo na vijito viwili usibabaike: ncha ya kila kontua inayokatiza kijito huelekea kule maji yatokako.

Sasa laza uzi juu ya mkondo, ukiufuatisha kila kona, na utie alama kila unapokata kontua. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa hupima kwa rula iliyonyooka na kuufanya mto uwe mfupi kuliko ulivyo. Ikiwa kontua zimepishana kimo kwa mita 20, na kati ya alama mbili uzi una milimita 4, umbali halisi ni mita 200. Mto umeshuka mita 1 katika kila mita 10. Angalia pia pembeni mwa ramani kama vimo vimeandikwa kwa mita au kwa futi.

Hamishia vipimo kwenye grafu: sentimita 1 kwa kilomita 1 kwa ulalo, na sentimita 1 kwa mita 200 kwa wima. Mteremko utaonekana mkali mara tano kuliko ulivyo, jambo ambalo sharti uliandike chini ya mchoro.

Kisha usome mabonde. Karibu na kambi ya Mackinder, kwenye mita 4,200 hivi, kontua zimesongamana kwenye kuta na kuachana kwenye sakafu: hilo ni umbo la U, kazi ya barafu ya kale. Ukishuka zaidi utakuta umbo la V, ambalo mto wenyewe umelichimba. Lakini barafu kulichonga bonde si sawa na kuujaza mto. Sehemu kubwa ya maji ya Naro Moru hutokana na mvua inyeshayo kwenye msitu na kwenye nyika ya baridi iliyo juu yake, ambako ardhi hunyonya maji na kuyaachia polepole. Aliyepanda kwa njia ya Naro Moru na kuzama matopeni hadi magotini hahitaji kushawishiwa. Kwa hiyo paka rangi ukanda huo wote kwenye mchoro wako, si ncha ya juu peke yake.

Mwisho, tazama mwaka ramani ilipochorwa na uuandike kando ya chanzo, kwa sababu barafuto hizo zimesinyaa mno, na ramani ya zamani itakuonyesha barafu mahali ambapo leo pana mawe matupu.