Usichangie Tofali la Darasa la Awali Kabla Hujauona Muhtasari: Kwa Watu wa Mtwara na Lindi Tulioko Ughaibuni

Kama kikundi chenu huko mliko kimeanza kuchanga pesa za darasa la watoto wadogo kijijini, nina neno moja la kuwaambia, na nitalirudia mpaka mchoke. Msitume hata shilingi ya tofali kabla hamjauona muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji unaosema kiwanja kile ni cha shule. Ahadi ya simu haitoshi. Sauti ya mjomba kwenye WhatsApp haitoshi. Picha ya mwenyekiti amesimama kichakani anaonyesha mpaka kwa kidole haitoshi. Uwe muhtasari wenye tarehe, orodha ya waliohudhuria na saini zao, saini ya mwenyekiti na ya afisa mtendaji wa kijiji, na muhuri wa kijiji.

Mimi naishi Uingereza, na kwetu ni uwanda wa Makonde, kule ambako mtoto anajua kubeba kidumu cha maji kabla hajajua kushika penseli. Shule ya msingi iko mbali na kitongoji chetu, njia inakatisha kwenye mikorosho, na masika nyasi zinampita mtoto urefu. Kwa hiyo wazazi wanasubiri mtoto akomae ndipo wampeleke. Akifika, ameshapitwa na awali, anaingizwa darasa la kwanza moja kwa moja, na Kiswahili cha darasani anakutana nacho siku hiyohiyo kwa sababu nyumbani ni Kimakonde tangu asubuhi mpaka usiku. Mtoto wa namna hiyo anaweza kumaliza mwaka anaitikia "ndiyo, mwalimu" bila kuelewa ameulizwa nini.

Ndiyo maana tulichanga. Tuliuliza kwanza, tena kwa mtu mwenye ofisi na meza. Jibu likawa: "Jengeni tu, mwalimu atakuja." Mjomba akatoa kiwanja pembeni ya shamba lake, mafundi wakapatikana, ukuta ukapanda, bati likaezekwa. Siku ya kukabidhi ndipo maswali yalipoanza. Muhtasari wa kijiji uko wapi? Mhandisi wa halmashauri aliukagua msingi lini? Kibali cha kujenga kimetolewa na nani? Aliyesema "jengeni tu" alikuwa ameshahamishwa. Mwenyekiti wa kijiji aliyekuwa akitupigia makofi hakurudi baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024, na mwenyekiti mpya akasema, kwa haki kabisa, kwamba hakuna karatasi yoyote ya shule aliyokabidhiwa.

Jengo likakaa. Msimu wa korosho ulipofika nilikwenda kulitazama. Ukutani a, e, i, o, u zimechorwa vizuri kwa rangi ya bluu, na chini yake magunia ya korosho ghafi yamepangwa mpaka usawa wa dirisha. Viti vidogo tulivyochongesha vimetupwa juu ya magunia, miguu juu. Upande wa ubao kulikuwa na mifuko ya salfa, mmoja umepasuka, na ule unga wa njano umejaa kwenye kibao cha kuwekea chaki. Aliyewahi kupuliza mikorosho anajua salfa inavyowasha macho na kukamata kifua. Hata tukipewa mwalimu kesho, chumba kile hakiingizi mtoto mpaka kisuguliwe chote, sakafu na kuta.

Rudini kwenye karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, haimpi mwenyekiti mamlaka ya kugawa ardhi peke yake, wala Halmashauri ya Kijiji haiwezi kuigawa bila idhini ya Mkutano Mkuu, yaani wakazi wote wa kijiji waliotimiza miaka 18. Mkutano huo unatakiwa kukaa angalau kila miezi mitatu. Haukukaa? Subirini ukae. Umekaa lakini hamkuletewa muhtasari? Basi kwenu bado haujakaa. Nyinyi mko mbali, na siku ya ugomvi kitu pekee kitakachosimama mahali penu ni karatasi ile.

Na ugomvi utakuja, hasa huku kwetu Kusini ambako ardhi ya ukoo inafuata upande wa mama. Mjomba anaweza kutoa kiwanja kwa moyo mweupe kabisa, halafu wapwa wake wakasimama na kuuliza alitoa kama nani. Kuna la mikorosho pia, ambalo wageni wa mambo haya hawalijui: ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na miti iliyo juu yake ya mwingine aliyeipanda. Kwenye kiwanja chetu ilikuwepo mikorosho michache tu ya pembeni, mizee, ambayo hakuna aliyeitaja mpaka jengo lilipoisha. Ikatajwa siku hiyo, na fidia ikatajwa pamoja nayo. Kwa hiyo muhtasari useme mipaka, useme miti ni ya nani na imemalizwaje, na wenye ukoo waweke saini, wakiwemo akina mama, maana ardhi ile inapitia kwao.

Ndugu zangu mlioko nyumbani, nawaheshimu na hapa nasema kwa upole. Mjomba, ukiulizwa karatasi usione unadharauliwa. Shangazi, usiseme "hawa wamekuwa Wazungu, hawatuamini tena." Pesa ile ni ya dada anayelala saa nne asubuhi baada ya kuuguza wazee wa watu usiku kucha, na ya kijana anayeendesha baiskeli kwenye mvua kupeleka chakula. Mkituambia "tumeni tu, mambo mengine tutayamaliza wenyewe", mnatuweka pabaya sisi na mnajiweka pabaya wenyewe, kwa sababu siku jengo likikosa mwalimu kijiji kitakuja kuuliza mlangoni kwenu. Na tafadhali, fedha ya shule isipite kwenye simu ya mtu. Ipite kwenye akaunti ya shule au ya kijiji.

Baada ya muhtasari, njia ya serikali haina maajabu. Pelekeni maombi kwa Afisa Elimu Kata, yapite Kamati ya Maendeleo ya Kata, yafike kwa Mkurugenzi wa halmashauri na Afisa Elimu wa Awali na Msingi. Mhandisi atoe ramani na akague kila hatua. Ombeni darasa liwe shule shikizi, yaani tawi chini ya shule mama iliyo karibu, kwa sababu shule mama ndiyo inayoweza kupangiwa mwalimu. Mkitaka shule yenu wenyewe, hiyo ni safari nyingine: kibali cha kujenga, kuthibitishwa kwa mwenye shule na meneja, kisha usajili wa Kamishna wa Elimu. Mkitaka kituo cha kulelea watoto mchana, Sheria ya Mtoto ya 2009 inawapeleka kwa Ustawi wa Jamii, na masharti yake ni tofauti. Amueni ni kipi kabla ya kuchimba msingi, kwa sababu jengo lililokusudiwa hiki na kile kwa pamoja hupigwa danadana kati ya ofisi mbili. Na aliyechukua uraia wa nchi nyingine asijaribu kuandikisha kiwanja kwa jina lake. Kwa sheria yeye si raia tena, na haki yake juu ya ardhi si sawa na ya raia.

Mara nyingi, hata hivyo, jengo si hitaji la kwanza. Tangu Sera ya Elimu ya 2014 mwaka mmoja wa awali ni wa lazima, na kila shule ya msingi ya serikali inatakiwa kuwa na darasa hilo. Kiwango cha taifa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Nenda kaone hali ilivyo shuleni kwenu: watoto wamekaa sakafuni, mwalimu mmoja ana awali na darasa la kwanza kwa wakati mmoja, na kitabu cha hadithi kiko kabatini ili kisichakae. Pesa ya bati ingeweza kulipa posho ya msaidizi wa darasa anayejua Kiswahili na Kimakonde au Kimwera, binti wa kijijini aliyemaliza kidato cha nne, akikubaliwa kwanza na mkuu wa shule na kamati ya shule. Huyo ndiye anayemvusha mtoto kutoka lugha ya nyumbani. Mambo haya yameshajaribiwa kwetu: Lindi ilipata programu ya utayari wa kuanza shule chini ya mradi wa elimu wa EQUIP-Tanzania, na Mtwara ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mradi wa kusoma wa Tusome Pamoja kuanzia 2016. Miradi ina mwisho, wafadhili wanaondoka. Chukueni walichokifanya vizuri, yaani hadithi, nyimbo, herufi za kushikwa mkononi na mzazi kuingia darasani, mkiendeleze kwa fedha ndogo isiyokatika.

Vitabu nunueni nchini, vya Kiswahili. Msijaze boksi vitabu chakavu vya Kiingereza vyenye theluji na nguruwe wa kufugwa ndani ya nyumba, mkalipa meli kuvifikisha kwa mtoto ambaye Kiswahili chenyewe bado. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania unafanya kazi hii tangu 1991, na wachapishaji wa Dar es Salaam wana hadithi fupi zenye picha. Tena vitabu vya shule vinaangaliwa: Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku orodha ya vitabu vya kigeni shuleni. Mwonyesheni mkuu wa shule vichwa vya vitabu kabla ya kulipia.

Halafu uji. Darasa lenye uji lina watoto, na lisilo na uji lina daftari la mahudhurio. Pangeni michango ya wazazi ifuate minada ya korosho, kuanzia Oktoba, wakati nyumba ina fedha, na mzungumze na AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kama wanachama wako tayari kukatwa kidogo kwa kila kilo kwa ajili ya unga na sukari. Hiyo nayo ipitishwe kwenye mkutano na iandikwe. Mkiwaomba wazazi mwezi Machi, mtawalaumu bure. Kumbukeni pia miezi ambayo familia zinahamia shamba na watoto wote; kama msaidizi wa darasa anaweza kuwafuata hukohuko mara moja moja na kitabu mkononi, mtakuwa mmeokoa robo nzima ya mwaka.

Huku nilipo nimejifunza mawili yanayopingana. Waingereza wana utaratibu wa kumpa mtoto mchanga kitabu bure, ulioanzia Birmingham mwaka 1992, na ukiingia maktaba ya mtaa asubuhi unakuta akina mama wamekaa chini na vichanga wakiimba. Hilo nalipenda sana, na natamani kila zahanati ya Newala na Ruangwa imkabidhi mama kitabu pamoja na kadi ya kliniki. Lakini maktaba hizohizo nyingi zimefungwa tangu serikali yao ianze kubana matumizi mwaka 2010, ada za kulelea watoto zinamaliza mshahara wa mama, na jirani wa ukuta kwa ukuta hamjui mtoto wako jina. Kwetu bibi bado yupo. Wako mabibi waliojifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima miaka ya 1970, wanajua hadithi zaidi ya kabati lolote la vitabu, na hakuna anayewaita shuleni. Waiteni. Bibi akisema "Paukwa" darasani, watoto 60 wakaitikia "Pakawa", hilo ni somo la lugha na haligharimu zaidi ya nauli ya bodaboda na kikombe cha chai.

Jambo la karatasi, Waingereza wamenishinda hoja. Zamani niliona ni ubaridi wa moyo, kila kitu fomu, kila kitu saini. Sasa naona karatasi inamlinda asiyekuwepo chumbani. Mtoto wa miaka minne hayupo mkutanoni, na wewe uliye ughaibuni haupo.

Kama mmeshanaswa kama sisi, na jengo limesimama bila mwenyewe, msilitupe. Mwombeni mjomba na ukoo waandike barua ya kukiachia kijiji kiwanja, mbele ya mashahidi wa pande zote. Malizeni habari ya miti kwa maandishi. Mwombeni mtendaji aingize kiwanja kwenye ajenda ya mkutano mkuu, na muwe na mtu wenu pale atakayepiga picha muhtasari ukisainiwa. Mhandisi akague kilichojengwa na aandike kinachopungua; sisi tumeambiwa vyoo vya watoto wadogo na mlango wa pili. Kisha Afisa Elimu apelekewe vyote kwa pamoja. Msirudishe fundi kabla ya hapo, hata kama fundi ni ndugu, hata kama ametaja bei nzuri, hata kama mtu mwingine mwenye ofisi na meza atawaambia jengeni tu.

Sisi tunasubiri mkutano wa robo ijayo. Barua ya ukoo imesainiwa, mifuko ya salfa imetolewa, na tumemwomba mtendaji ajenda ya shule ije kabla ya ajenda ya pembejeo, kwa sababu ikishafika pembejeo nusu ya watu husimama kuuliza yao na mkutano haurudi tena kwenye jambo jingine.