Kutumia nadharia za kuzeeka unapomhudumia mzee: mwongozo kwa muuguzi

Wanafunzi wengi wa uuguzi hukariri nadharia za kuzeeka kwa ajili ya mtihani, na wakifika wodini huziacha mlangoni. Ni hasara kubwa kwa mgonjwa. Nadharia ikitumiwa vizuri inakuonyesha pa kuangalia na swali la kuuliza. Ikitumiwa vibaya inampa muuguzi ruhusa ya kuandika "ni uzee tu" kwenye faili la mtu mwenye nimonia.

Anza na mgonjwa, nadharia ifuate

Usiingie chumbani ukiwa umeshachagua nadharia. Kwanza jua mzee alikuwaje wiki mbili zilizopita na yukoje leo. Pitia mambo sita ya kipimo cha Katz, kinachoonyesha mtu anajihudumia kiasi gani: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Kwa kila jambo andika anafanya mwenyewe, anasaidiwa, au anafanyiwa. Muulize yeye, halafu muulize anayeishi naye, kwa sababu mzee anayeogopa kupoteza uhuru wake husema "naweza" hata pale asipoweza.

Kisha uliza: badiliko hili lilianza lini? Swali hili moja linaokoa maisha. Kuzeeka huenda polepole, kwa miaka. Aliyekuwa akijilisha wiki iliyopita na leo anashindwa kushika kijiko hajazeeka ndani ya siku saba, ni mgonjwa. Kuchanganyikiwa kulikoanza ndani ya saa au siku chache, kunakopanda na kushuka, huku mtu akishindwa kukaza mawazo kwenye jambo moja, ni dharura. Tafuta maambukizi, dawa mpya, upungufu wa maji, maumivu, mkojo uliozuiliwa au choo kilichofunga. Hapo hakuna nadharia ya kuzeeka inayokuhusu kwa sasa.

Nadharia za kibayolojia: zinakuambia upime nini

Zimegawanyika makundi mawili: zinazosema kuzeeka kumepangwa ndani ya mwili tangu mwanzo, na zinazosema ni madhara yanayojilimbikiza. Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha mwaka 1961 kwamba seli za binadamu zilizokuzwa maabara hugawanyika mara 50 hivi, kisha husimama. Baadaye ikaeleweka kuwa telomea, yaani ncha za kromosomu, hufupika kila seli inapogawanyika. Kwa muuguzi, hili linasaidia kueleza kwa nini kidonda cha mzee huchelewa kufunga. Basi kikague na kukipima kwa rula kila wiki, na usitoe nyuzi kwa kufuata kalenda ya kijana.

Mwaka 1956 Denham Harman alipendekeza kuwa radikali huru, molekuli zinazozalishwa mwili unapotumia oksijeni, huharibu seli taratibu. Nadharia hii ndiyo inayotumiwa sana kuuza vidonge vya kuzuia kuzeeka, kwa hiyo uliza kila mzee ananunua nini nje ya dawa alizoandikiwa. Vitamini E kwa dozi kubwa huongeza hatari ya kutoka damu kwa anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Na katika utafiti mkubwa uliofanywa Finland na kuchapishwa mwaka 1994, wavutaji sigara waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi, si pungufu. Nadharia kuwa na mantiki hakufanyi kidonge kiwe salama.

Johan Bjorksten, mwaka 1942, alieleza kuzeeka kama protini zinazofungamana na kukakamaa. Hii ndiyo yenye manufaa zaidi kitandani, kwa sababu kolajeni, protini inayoshikilia ngozi, mishipa na viungo, iko kila mahali. Mishipa ya damu iliyokakamaa hairekebishi presha haraka mtu anaposimama, na hapo ndipo anapoanguka. Pima hivi: mzee alale chali dakika 5, chukua presha, asimame ukiwa umemkaribia, chukua tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mtaarifu daktari na orodha ya dawa ikaguliwe upya. Kosa la kawaida ni kumpima akiwa ameketi, kisha akiwa amesimama: anguko la presha hufichika, kwa kuwa sehemu yake ilishatokea alipoinuka kitandani.

Ngozi nayo hupungua unene na unyumbufu. Usimburute mgonjwa juu ya shuka. Muinueni watu wawili kwa shuka la kuhamishia. Ukiona wekundu kwenye kisigino au kiunoni, bonyeza kwa kidole sekunde chache. Ukigeuka mweupe kisha ukarudi, damu bado inapita, ongeza kumgeuza. Usipogeuka, hicho tayari ni kidonda cha mgandamizo cha hatua ya kwanza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia mkono wako: tafuta joto, ugumu au maumivu kulinganisha na upande wa pili. Na usibane ngozi ya mgongo wa kiganja kutafuta upungufu wa maji. Kwa mzee itabaki imesimama hata akiwa amekunywa vya kutosha.

Roy Walford alihusisha kuzeeka na kudhoofika kwa kinga ya mwili. Hapa kuna jambo la kushika sana: mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa kubwa. Andika joto lake la kawaida siku anapopokelewa. Kupanda kwa nyuzijoto 1.1 za Selsiasi juu ya kawaida yake, au kipimo kimoja cha mdomoni cha 37.8, kunatosha kukushtua. Mara nyingi dalili ya kwanza ni kuanguka, kukataa chakula au kuchanganyikiwa.

Ile nadharia ya kuchakaa, inayofananisha mwili na mashine, inaeleweka upesi na ndiyo inayoleta madhara mengi. Familia husikia "mwili umechoka" ikamlaza mzee kitandani. Misuli isiyotumika huisha haraka, na ya mzee hurudi kwa shida. Mashine hukongoroka kwa kutumika. Msuli hukongoroka kwa kutotumika. Mtoe kitandani kwa kila mlo, isipokuwa kuna sababu ya kitabibu iliyoandikwa.

Neno moja kuhusu figo, kwa sababu dozi nyingi hukosewa hapa. Kreatinini, taka inayopimwa kwenye damu ili kujua hali ya figo, hutoka kwenye misuli. Mzee mwenye misuli michache anaweza kuwa na kreatinini "ya kawaida" huku figo zimedhoofika. Tumia kanuni ya Cockcroft na Gault, inayokadiria figo zinasafisha damu kwa kasi gani: toa umri kutoka 140, zidisha kwa uzito wa kilo, gawanya kwa (72 mara kreatinini kwa miligramu kwa desilita), kwa mwanamke zidisha jibu kwa 0.85. Mwanamke wa miaka 80, kilo 50, kreatinini 1.0: 60 × 50 ÷ 72 × 0.85, takriban mililita 35 kwa dakika. Maabara ikitoa jibu kwa mikromoli kwa lita, gawanya kwanza kwa 88.4.

Nadharia za kijamii na kisaikolojia: zinakuambia umsikilizeje

Mzee hatoki chumbani. Wenzake wanaimba ukumbini, yeye amegeukia ukuta. Muuguzi aliyeshika nadharia ya kujitenga ya Cumming na Henry (1961) atasema ni kawaida, mzee na jamii huachana taratibu. Aliyeshika nadharia ya shughuli ya Havighurst, inayosema mzee huwa vizuri akiendelea kushughulika, atamvuta kwa mkono akaimbe. Wote wawili wanaweza kumkosea.

Kabla ya kuamua, ondoa vizuizi kimoja kimoja. Anasikia? Angalia nta masikioni na betri ya kifaa chake. Ongea ukiwa mbele yake kwa sauti nzito na ya polepole, kwani uzee huondoa kwanza sauti nyembamba na kupiga kelele hakusaidii. Anaona? Je, ana maumivu anapokaa? Anaogopa kujikojolea mbele za watu? Hili la mwisho hawalisemi, mpaka uulize faraghani na bila haraka. Kisha tumia kipimo cha sonona kwa wazee chenye maswali 15: alama zaidi ya 5 zinahitaji tathmini kamili. Sonona inatibika katika umri wowote, na nadharia ya kujitenga imeificha kwa wengi.

Vizuizi vikiisha, ndipo utumie nadharia ya mwendelezo ya Robert Atchley: watu huzeeka wakiendelea kuwa walivyokuwa. Uliza, "Ulipokuwa na miaka 40, ukimaliza kazi ulipenda kufanya nini?" Aliyependa kukaa peke yake na redio hajitengi, anaendelea. Mpe redio. Aliyekuwa kiongozi wa kwaya akanyamaza, huyo mfuatilie.

Paul na Margret Baltes walieleza njia ya kuchagua, kuboresha na kufidia. Mfano wao maarufu ni mpiga piano Arthur Rubinstein, ambaye uzeeni alipiga nyimbo chache zaidi, akazifanyia mazoezi mengi, na kupunguza kasi kabla ya sehemu za haraka ili zisikike kwa kasi. Fanya vivyo hivyo: mwache mzee achague kitu kimoja anachotaka kukifanya mwenyewe, tuseme kuvaa. Mpe muda kabla ya chai na mazoezi ya bega, halafu fidia kwa nguo zenye mfungo mpana badala ya vifungo vidogo. Ukimvisha kwa sababu una haraka, ndani ya wiki chache hataweza tena.

Erik Erikson aliweka katika hatua ya mwisho ya maisha mvutano kati ya kuridhika na kukata tamaa, na Robert Butler mwaka 1963 akaeleza jinsi wazee wanavyoyapitia upya maisha yao. Mzee anayerudia hadithi ileile huenda ana jambo analolitafuta. Keti, uliza kinachofuata. Hadithi ikileta majuto mazito au maneno ya kutaka kufa, usiyapoze kwa "usiseme hivyo". Uliza waziwazi kama anafikiria kujidhuru, na toa taarifa zamu hiyohiyo.

Kuandika mpango

Kila mstari uwe na tatizo, sababu, kitendo chenye namba, na tarehe ya kukagua. "Ahimizwe kunywa maji" si mpango. Kiu hupungua na umri, hivyo andika: mililita 200 mara 8, kati ya saa 1 asubuhi na saa 12 jioni, kikombe mkononi mwake, kiasi kinywewacho kirekodiwe. Jumla ni lita 1.6. Daktari akiwa amewekea kikomo kwa moyo au figo, fuata kikomo hicho. Vinywaji viishe mapema jioni ili safari za choo gizani zipungue.

Kwa mwendo, weka kiti chenye mikono na mstari mita 3 mbele. Avae viatu vyake, atumie mkongojo wake. Ainuke, atembee hadi mstarini, ageuke, arudi, aketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi kwa yote hayo, yuko kwenye hatari ya kuanguka. Rudia kipimo kwa kiti kilekile, la sivyo hulinganishi chochote.

Unapokabidhi zamu ya usiku, miwani, kifaa cha kusikia na kengele viwe mahali mkono wake unapofika, na sentensi moja iandikwe juu ya ukurasa: hali yake ya kawaida. Kwa mfano, "Hutambua watu wote, hutembea na mkongojo hadi chooni, huamka mara mbili usiku." Mwenzako akimkuta tofauti saa 9 usiku, ataita daktari.