Ukimtafutia mzazi makao ya wazee, anza kuuliza habari za usiku

Makao ya kwanza niliyomchagulia baba yangu niliyatembelea saa nne asubuhi. Sakafu inang'aa, wazee wamekaa barazani wanaota jua, msimamizi ananijibu kila swali kwa upole. Nikasaini. Wiki ya tatu, usiku wa manane, Baba alibonyeza kengele apelekwe msalani. Akangoja, akachoka kungoja, akainuka mwenyewe. Alivunjika nyonga. Zamu ile ilikuwa na mhudumu mmoja kwa wazee 22, na dakika hizo alikuwa chumba cha mwisho akimbadilisha nepi mzee mwingine. Simlaumu dada yule. Habari za usiku sikuziulizia hata kidogo.

Nilipotafuta mara ya pili nilianza na usiku, na ndivyo ninavyomshauri kila anayeniuliza.

Kabla hujatembelea popote, kaa na mzee wako siku nzima, na usiku wake, ukiwa na daftari. Mwaka 1963 daktari Mmarekani Sidney Katz na wenzake walichapisha kipimo kinachotumika hadi leo, chenye mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja na kula. Kwa kila moja andika kama anafanya mwenyewe, anasaidiwa, au hawezi. Andika unachokiona, siyo anachokwambia, kwa sababu wazazi wetu hata wakiugua watasema "mimi mzima". Baba aliapa kwamba anavaa mwenyewe. Nilipokaa pembeni nikaona vifungo vya shati vinamchukua robo saa, na soksi hazifikii kabisa. Usiku aliamka mara tatu kwenda haja ndogo. Hizo mara tatu ndizo zilizoniamulia karibu kila kitu.

Daftari hilo ndilo litakalokuonyesha aina ya makao. Anayeyaweza yote sita ila amechoka kupika na kukaa peke yake, anatoshwa na makao yenye majirani na chakula cha pamoja. Anayesaidiwa mawili matatu anahitaji wahudumu usiku na mchana. Mwenye vidonda, mpira wa mkojo au anayelishwa kwa mrija anahitaji manesi hasa. Mwenye ugonjwa wa kusahau anataka uangalifu wa pekee: uliza kama kuna ua salama wa kutembea, na wanafanya nini mzee anapoanza kuhangaika jua likizama. Ukijibiwa kwamba kitu cha kwanza ni dawa ya kumlaza, aga uondoke.

Mzee mwenyewe asifichwe. Usimwambie mnaenda kutembea tu. Mimi nilimwambia Baba ukweli, akanyamaza siku mbili, kisha akaniuliza kama ataruhusiwa kuwa na redio yake. Nikajua ameshaanza kuchagua pamoja nami.

Tembelea mara tatu: mara moja kwa miadi, mara moja wakati wa chakula bila kutoa taarifa, na mara moja usiku. Asubuhi usiwaangalie walioko barazani, waulizie wasiotoka vyumbani. Tazama kucha zao, midomo kama imekauka, miwani kama imefutwa, glasi ya maji kama iko mahali mkono unapofika. Kwenye makao mamoja niliingia chumba cha bibi asiyeweza kugeuka kitandani. Waya wa kengele yake ulikuwa umezungushwa kwenye msumari ukutani, juu, nyuma ya kichwa chake. Kuna mtu alichoka kuitwa. Sikurudi tena pale.

Mahali pengine nilifika saa tatu usiku. Mtu asiyeweza kujigeuza kwa kawaida hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, asipate vidonda vya kulalia, na kila anapogeuzwa huandikwa. Niliomba kuona karatasi hiyo, jina la mzee likiwa limefunikwa. Ilikuwa imejazwa yote: saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Na saa nne ilikuwa bado haijafika!

Usiku huo huo uliza: kuanzia saa mbili hadi alfajiri mko wangapi, kwa wazee wangapi? Yupo mwenye idhini ya kutoa dawa? Mtu akianguka, nani anampigia daktari, na mimi napigiwa saa ngapi? Kisha keti na mzee mmoja, kwa ridhaa yake, mpaka atakapohitaji kuita, na uangalie saa. Pale Baba alipo sasa mhudumu alifika baada ya dakika 4. Kwingine nilihesabu 19.

Chumbani, hesabu hatua kutoka kitandani hadi chooni. Kuwe na taa inayowaka usiku kucha, vyuma vya kushikilia, na pasiwe na kizingiti wala zulia la kuteleza. Mzee akikaa ukingoni mwa kitanda, nyayo zake zote ziguse sakafu. Muulize pia daktari wake kuhusu dawa za presha zinazoongeza mkojo, kama anaweza kuzinywa asubuhi. Kwa Baba badiliko hilo lilipunguza safari za usiku kutoka tatu hadi moja. Na afundishwe kukaa kidogo kabla ya kusimama, maana presha hushuka mtu anapoinuka ghafla.

Mkataba usiusainie hapo hapo. Nenda nao nyumbani, usomwe na ndugu wote. Tafuta nini kimo ndani ya ada na nini kinalipiwa pembeni (nepi, kufua, kusindikizwa hospitali), ada hupandishwa kwa notisi ya muda gani, kama chumba chake kinashikiliwa akilazwa hospitali, na kwa sababu zipi wanaweza kumtoa. Angalia pia unasaini kama nani: kwa niaba ya mzee, au kama mdhamini atakayedaiwa. Wakikubali akae wiki mbili za majaribio, kubali.

Akishahamia, usiende siku ile ile saa ile ile kila wiki. Omba apimwe uzito kila mwezi nawe uandike, maana mzee asiyekula vizuri mizani humsema mapema kuliko yeye mwenyewe. Mimi huenda Jumapili jioni, mara nyingine Jumatano alfajiri kabla zamu haijabadilika. Baba hunipa habari za usiku kwa majina: nani alikuwepo, nani alikuja mbio, nani alimwekea redio karibu.