Somo: Mtungi wa gesi kwenye karavani, kwa tunaokwenda likizo Uingereza

Wapendwa, shule zinakaribia kufungwa na najua familia nyingi zimeshalipia karavani (zile nyumba za likizo za magurudumu) huko Skegness, Great Yarmouth au Rhyl. Nimeombwa nirudie somo la gesi. Naanza na aibu yangu. Pasaka yangu ya kwanza Skegness gesi ilikata saa mbili usiku, ugali ukiwa bado uji. Nikatoka na tochi na spana, nikaishika nati ya mtungi na kuilegeza kama ninavyolegeza nati yoyote. Haikwenda. Nikaongeza nguvu. Kumbe robo saa nzima nilikuwa naikaza! Jirani, mzee wa Kiingereza aliyevaa ndala na koti, akanipokonya spana, akazungusha upande wa pili, akarudi kwake bila neno.

Kinachotuponza ni mazoea. Nyumbani mtungi unakaa jikoni, na ule wa kilo 6 tunaufunga jiko juu yake kabisa. Huku mtungi hukaa nje ya karavani, au kwenye sanduku lake lililotengwa na chumba, lenye mlango wa nje. Gesi hii huja kwa aina mbili, na zote ni nzito kuliko hewa: propani karibu mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Ikivuja haipandi kwenda dirishani. Inatambaa chini kama maji na kutuama kwenye vishimo.

Hatua ya 1: Ujue mtungi wako

Karavani kubwa zisizohama kwa kawaida zina mitungi miwili mirefu ya propani ya kilo 47, nje, wima, imefungwa kwa mnyororo. Hapa Uingereza propani mara nyingi ni mtungi mwekundu na butani ni wa bluu. Tofauti yake si rangi tu. Butani huacha kugeuka mvuke, baridi inapokaribia nyuzi 0, wakati propani huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Regulata, kifaa kinachopunguza shinikizo la gesi itokayo mtungini, nazo haziingiliani: ya propani ni milibari 37 (kipimo cha shinikizo), ya butani 28. Karavani za kuvuta na gari zilizotengenezwa tangu 2003 hivi nyingi zina regulata ya 30 iliyofungwa ukutani, inayokubali zote mbili. Usiazime regulata ya jirani kwa sababu tu imeingia.

Hatua ya 2: Kabla hujawasha chochote

Ukipokea funguo, weka mabegi chini kwanza. Tafuta koki ya mtungi ilipo na uwaonyeshe wakubwa wote wa familia. Bonyeza kitufe cha kujaribu kengele ya kaboni monoksaidi, gesi ya sumu. Isipolia, rudi ofisini ukadai nyingine. Kisha tafuta matundu ya hewa, mengine yako sakafuni au chini ya mlango. Nimeshakuta moja limefunikwa zulia zuri la maua, eti baridi inaingia. Baridi iache iingie.

Ukikodi karavani, mwenye nayo anatakiwa gesi yake ikaguliwe kila miezi 12 na fundi aliyesajiliwa Gas Safe, daftari la mafundi wa gesi lililochukua nafasi ya lile la zamani, CORGI, tarehe 1 Aprili 2009. Omba kuiona karatasi ya ukaguzi. Si ukorofi.

Hatua ya 3: Kubadili mtungi

Zima majiko yote, na hita pia. Hakuna sigara wala mshumaa karibu. Funga koki ya mtungi mtupu, ndiyo, hata kama ni mtupu, maana mabaki hubaki ndani. Nati ya propani ina uzi wa mkono wa kushoto: ukiwa umeitazama uso kwa uso, kuilegeza unazungusha kufuata saa, kuikaza kinyume cha saa. Kaza kwa spana mpaka ishike, usiivunje mgongo.

Angalia mpira wa kupitisha gesi. Tarehe ya kutengenezwa imechapwa juu yake. Ukiukunja ukaona nyufa ndogo, au umekuwa laini na unanata, haufai hata kama tarehe ni ya mwaka jana. Mtungi ukae wima wakati wote. Ukilala, gesi iliyo bado katika hali ya maji inaingia kwenye regulata.

Fungua koki taratibu, paka povu la sabuni kwenye kiungo na kutazama. Vipovu vikikua, funga, kaza upya, paka tena. Maduka huuza dawa maalumu ya kupulizia na ndiyo bora, kwa sababu sabuni ya vyombo hula metali polepole, ukiitumia, suuza. Kiberiti hakipimi gesi, na ninaandika hivyo kwa kuwa nimeshuhudia mtu mzima akikiwasha.

Hatua ya 4: Kuondoka

Funga koki. Kwa karavani ya kuvuta, funga kabla gari halijaondoka, wala usisubiri kufika kituo cha mafuta.

MASWALI

*Dada wa Leicester: Mvua ikinyesha tunaweza kuingiza jiko la mkaa kwenye lile hema la pembeni, tukaacha zipu wazi kidogo?*

Hapana, dada yangu, na hapa sitaki mjadala. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Gesi ya mtungi imetiwa harufu kusudi ikivuja uishtukie. Kaboni monoksaidi haikupi onyo hilo. Hata jiko lililoonekana limezimika, likiingizwa kwenye hema watu wakalala, limeshaua familia hapa Uingereza. Kichwa kikiwauma wote kwa pamoja na kichefuchefu, tokeni nje kwanza, ndipo mjiulize mlikula nini.

*Mama wa Luton: Nikisikia harufu usiku je?*

Usiguse swichi, kuwasha wala kuzima. Fungua milango, toa watoto, funga koki ya mtungi kwa nje, ita walinzi wa kambi. Namba ya dharura ya muuza gesi huwa imeandikwa kwenye mtungi. Moto ukitokea piga 999 na usirudi ndani kuchukua pasipoti.

*Mzee wa Reading: Mwezi wa Novemba mtungi wangu mzito kabisa, lakini jiko halishiki. Nimwagie maji ya moto?*

Shikamoo mzee. Bila shaka ni wa bluu. Butani imelala kwa baridi. Usimwagie maji ya moto wala kuusogezea hita. Tumia propani, na regulata inayoendana nayo.

*Kijana wa Barking: Kuna jamaa anajaza mitungi kwa nusu bei.*

Achana naye. Kwanza, mtungi unaokodishwa ni mali ya kampuni, wewe unanunua gesi tu. Pili, mtungi haujazwi pomoni. Huachwa nafasi ya takriban asilimia 20 kwa sababu gesi ya maji ikipata joto hutanuka. Wa mtaani hana mizani ya kumwonyesha hilo. Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mlipuko kwenye eneo la kujazia gesi lisilo na leseni uliua watu na kujeruhi mamia.

*Dada wa Leicester tena: Basi nitajuaje imebaki kiasi gani, nisikatishe ugali kama wewe?*

Hahaha, nimeipata. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye shingo yake au kwenye kibati. Kwa mitungi midogo, beba mizani ya bafuni, pima, toa. Ya kilo 47 usijaribu kuinyanyua. Kaa na wa pili uliojaa, na ule ukikata usiku, kumbuka ni kufuata saa.